Kashata na Wali wa Harusi

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye vichochoro vya Kibokoni, wa kwanza kumwamsha Ummukulthum hakuwa mama wala nyanya yake. Alikuwa mbuzi. Kashata akisikia tu komeo la mlango wa uwani, hulia "mee" ndefu yenye madai, kama bibi harusi aliyecheleweshewa chai.

"Nimekuja, nimekuja. Usiniaibishe kwa majirani," Kulthum humjibu. Jina lake lote lilikuwa refu mno kwa shughuli za asubuhi, kwa hiyo nyumbani walimwita Kulthum.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi ya Kashata ilikuwa yake. Alifagia uwani na kubadilisha maji ya kunywa. Alasiri, akitoka chuo cha Kurani, alipita vichochoro mpaka soko la Marikiti kwa Kitsao, muuza majani, akarudi na mzigo wa majani makavu na matawi ya mkunazi kichwani. Kazi yenyewe si ngumu. Tabu yake ni kuwa ilikuwa ya kila siku, mvua ijapo, jua liwakapo, na hata siku wenzako wanapocheza.

Kashata naye hakuwa mbuzi wa pambo. Fahmi, mdogo wake Kulthum, alikuwa hajatimiza miaka miwili, na maziwa ya ng'ombe hayakumkubali kabisa. Akinywa kidogo tu, tumbo lamsokota na mwili mzima wamtoka vipele. Alikonda hata mama yake akawa analia akimwogesha. Ndipo baba yao, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akamleta Kashata. Maziwa ya mbuzi yule yakakaa tumboni mwa Fahmi, na mashavu yake yakarudi.

Mkamuaji alikuwa Nyanya Mwanabaraka. Kila akimaliza, alimpapasa Kashata shingoni na kumwambia, "Ahsante, mama."

Kulthum alikuwa akicheka. "Nyanya, mbuzi hajui ahsante."

"Hajui yeye," Nyanya hujibu. "Mimi najua."

Nyanya alikuwa na kasha la mbao chini ya kitanda chake. Mlikuwa na habasoda, hulba ambayo wengine huiita uwatu, tangawizi kavu, shubiri, magome na mizizi ya namna kwa namna. Mtoto akishikwa na tumbo, au paka wa jirani akivimba mguu, watu walibisha hodi kwa Bi Mwanabaraka kwanza. Lakini Nyanya hakuwa na haraka ya kulifungua kasha lake. Alikaa, akauliza. Amekula nini? Imeanza lini? Amelala wapi? Akipata majibu, ndipo mkono uende kwenye kasha.

Tena alikuwa na amri moja juu ya Kashata, na Kulthum aliijua kama alivyojua jina lake: mbuzi hali vya jikoni. Ganda moja la ndizi, haya. Wali, mikate na unga, hapana.

Basi ikaja harusi ya binamu yao Jannat, nyumba ya pili tu kutoka kwao. Siku ya hina wanawake walijaa ghorofani, nyumba ikanukia udi na asumini, na masinia ya biriani yakateremka na kupanda. Mchana ulipopita, chakula kilibaki tele. Mama yake Jannat akasema hakuna kutupa hata punje, kila mtu achukue cha kwake. Kulthum akajaziwa ndoo ya wali uliong'aa kwa samli, na juu yake mahamri ya asubuhi.

Aliifikisha ndoo nyumbani. Hakukuwa na mtu, wote walikuwa harusini. Kashata alikuwa amesimama uwani, akimtazama. Wakati wa kwenda Marikiti ulikuwa umefika. Na huko ghorofani, mwanamke wa kupaka hina alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumchora Jannat piko nyeusi miguuni, na wasichana wote wamemzunguka, wakingoja zamu zao.

Kulthum alisimama na ile ndoo. Akaanza kujipa maneno, maana mtu akitaka kufanya asilopaswa, maneno hayamwishii. Kutupa chakula ni israfu. Wali wa harusi una baraka. Kashata naye ni mtu wa nyumbani, kwa nini asionje harusi? Siku moja tu.

Akaumimina wote kwenye karai, na mahamri juu yake.

Kashata alikula kama hajawahi kuona chakula. Kulthum alimtazama kidogo, akacheka, akaiosha ndoo vizuri, akakimbilia hina yake.

Asubuhi iliyofuata komeo lililia, lakini Kashata hakulia.

Alikuwa amelala pembeni, kichwa kimeinama. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, na alikuwa akisaga meno. Hakutaka majani wala maji. Kulthum akamwita Nyanya.

Nyanya alikuja na buibui lake begani, akachutama, akamgusa Kashata masikio na tumbo. Kisha akauliza kama ilivyo desturi yake, "Jana alikula nini?"

Hapo ndipo Kulthum alipoteleza mara ya pili. Alitazama hina mikononi mwake, nyekundu bado mbichi.

"Majani," alisema. "Kama kila siku."

"Ya kwa Kitsao?"

"Ya kwa Kitsao, Nyanya."

Nyanya alifikiri. Labda majani yalikuwa na umande, alisema, yakampiga baridi ya tumbo. Mnyama kama huyo anataka kitu cha moto na cha kumtia nguvu. Akalifungua kasha, akatoa hulba na tangawizi, akapika uji mwepesi, akautia asali nyingi. Walimnywesha taratibu, Kulthum ameshika kichwa, Nyanya akimimina.

Kulthum aliomba dua moyoni ile dawa ifanye kazi. Ikifanya kazi, alijiambia, hakuna atakayejua, na yeye hatarudia tena.

Haikufanya kazi. Jua lilipopanda, Kashata alikuwa amezidi. Alipojaribu kusimama aliyumba, miguu ikamsaliti, akaanguka. Aliharisha maji matupu, na pumzi yake ikawa na harufu kali, chachu, mfano wa unga uliosahauliwa na kuumuka kupita kiasi. Ndani ya nyumba Fahmi alikuwa akililia kikombe chake, na mama yake alimbembeleza kwa uji asioutaka.

Nyanya aliketi kwenye kibao chake cha kukamulia. Alikuwa ameshika kijiko cha hulba, akakitazama muda mrefu.

"Pengine nimezeeka, Kulthum," alisema polepole. "Pengine mkono wangu umeanza kusahau. Nikimharibu mbuzi leo, kesho nitamharibu mtoto wa watu. Afadhali kasha hili nilifunge kabisa."

Kulthum alitaka kusema. Wallahi alitaka. Badala yake akainama kubadilisha maji ambayo Kashata hakuyagusa. Nyanya akainuka, akamwambia mama yake Kulthum ampigie simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuja kwa tuktuk kutoka Ganjoni, alikokuwa na kliniki yake ndogo. Jina lake Ketty Mbodze, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, na mkoba wake ulikuwa na mifuko mingi. Wenye wanyama kisiwani walimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa sindano peke yake. Aliweza kuandika chakula kama dawa, na alikuwa akitumia mitishamba aliyoisomea na kuipima.

"Shikamoo, Nyanya," alisema akivua viatu mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa wetu yule pale."

Daktari Ketty alipiga magoti. Alisikiliza ubavu wa Kashata, akampima joto, akamnusa mdomo. Uso wake ulibadilika.

"Amekula nini?"

"Majani," Nyanya alijibu. "Nami nimempa uji wa hulba, tangawizi na asali. Nilidhani ni baridi ya tumbo. Kama nimekosea, niambie, sitachukia."

Daktari alitoa chupa mbili mkobani, akaziweka sakafuni.

"Nikuelezeni hali ilivyo," alisema. "Kama ni majani matupu, basi huenda amekula mmea wenye sumu, na nitamtibu hivi. Kama ni chakula cha jikoni, cha wanga mwingi, nitamtibu vingine kabisa. Harufu yake yanitia shaka. Lakini huyu amechoka sana. Tukianza na dawa isiyo yake, sidhani kama tutapata nafasi ya kuanza upya. Nataka uhakika. Yuko mtu aliyempa kingine?"

Mama yake Kulthum alimtazama Nyanya.

"Mwenye kumlisha ni mjukuu wangu," Nyanya alisema. "Ameshaniambia ni majani. Kulthum hanidanganyi."

Kulthum angepigwa kofi ingemuuma kidogo kuliko maneno yale. Alimtazama Kashata, akamtazama Nyanya na kijiko chake. Machozi yalitangulia, maneno yakafuata.

"Nimekudanganya, Nyanya. Nilimpa wali. Wali wa harusi, ndoo nzima, na mahamri. Sikwenda Marikiti. Nilitaka kupakwa hina." Akafuta pua kwa mkono wenye hina. "Mkono wako haukusahau kitu. Mimi ndiye niliyekupa jibu la uongo."

Alingoja kugombezwa. Nyanya alimtazama tu, mpaka Kulthum akaona heri angegombezwa.

"Umesema," Nyanya alisema mwishowe. "Mengine tutayazungumza. Sasa fanya utakaloambiwa na daktari, na ulifanye upesi."

Daktari Ketty alikuwa ameshairudisha chupa moja mkobani. Alichanganya unga mweupe wa baikaboneti, ule ule wa kuumulia keki, na maji ya vuguvugu, akampitishia Kashata kwa mpira mwembamba hadi tumboni. Akampiga na sindano ya vitamini. Huku mikono ikifanya kazi, alieleza.

"Tumboni mwa mbuzi mna vijidudu vizuri, vidogo mno, visivyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyomsagia majani. Wali ukiingia mwingi kwa ghafla, vinakuja vingine vyenye kutengeneza uchachu, na uchachu huo unaviua vile vizuri. Hapo mbuzi hata umpe majani ya peponi, hawezi kuyatumia. Nyanya, tangawizi yako na hulba yako ni dawa, nami huzitumia. Kwa ugonjwa ulioambiwa, hukukosea. Ila asali ni sukari, na sukari ndiyo iliyozidisha ule uchachu."

Nyanya aliitikia kwa kichwa, na mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa nimetuliza uchachu," daktari aliendelea, "lakini vile vijidudu vizuri lazima tumrudishie. Na hivyo haviuzwi dukani. Vinatoka tumboni mwa mbuzi mzima, mwenye afya, aliyechinjwa sasa hivi. Nahitaji maji ya tumbo lake yakiwa bado ya moto. Mwajua wapi panachinjwa leo?"

Nyanya alijua. Kwa kina Aidarus, karibu na Ndia Kuu, walikuwa na akika, chinjo la shukrani kwa mtoto wao wa kwanza, na mbuzi walikuwa wachinjwe baada ya adhuhuri. Daktari alimpa Kulthum chupa ya chai ya kuhifadhi moto na kitambaa safi cha kuchujia.

"Wataniuliza ni ya nini," Kulthum alisema kwa sauti ndogo.

"Utawaambia," alisema Nyanya.

Kule kwa kina Aidarus ua ulikuwa umejaa wanaume, sufuria na moshi. Ami Zakariya, mchinjaji, alikuwa akimchuna mbuzi wa pili, mikono ya kanzu imekunjwa hadi kwenye viwiko. Kulthum alimsalimia, akasema alichotumwa.

"Maji ya tumbo?" Ami Zakariya aliuliza. "Watu huniomba paja, huniomba ini. Wewe waja kuniomba uchafu?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akauliza kama kwao ndivyo wanavyopika mchuzi siku hizi. Masikio ya Kulthum yaliwaka moto. Angeweza kusema ni shughuli ya shule. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi na mtamu. Akaumeza.

"Ami, nilimpa mbuzi wetu wali wa harusi kwa uvivu wangu," alisema, "kisha nikamdanganya Nyanya, na Nyanya akampa dawa isiyofaa. Sasa anakufa. Ndiye anayempa mdogo wangu Fahmi maziwa. Daktari asema maji haya yanaweza kumponya."

Kicheko kilikatika. Ami Zakariya aliweka kisu chini, akaosha mikono, akalifungua tumbo la yule mbuzi kwa uangalifu kama anayepasua embe la mgeni. Alikamua na kuchuja kwa kitambaa, akaijaza chupa, akaifunga barabara. Aidarus mwenyewe, baba wa mtoto, alikuja na kanzu yake mpya akamkabidhi.

"Nenda mbio," alimwambia. "Leo sisi tunashukuru kwa mtoto wetu. Basi na mtoto wenu naye apate fungu lake."

Kulthum alikwenda mbio kweli, chupa ameikumbatia kifuani. Harufu ilimtangulia. Watoto waliokuwa wakicheza gololi kichochoroni waliziba pua na kumpisha. Hakujali. Alikuwa akisema njia nzima, "Mungu amjaze heri Ami Zakariya, Mungu amkuze mtoto wa Aidarus," bila hata kujijua kuwa anasema.

Daktari Ketty aliyapitisha yale maji yangali na moto kwa mpira ule ule. Kisha aliacha maagizo. Maziwa yake yamwagwe mpaka atakaposema yeye. Chakula chake kiwe majani makavu tu, tena kidogo kidogo. Akipata nafuu, matawi ya mkunazi. Majani ya mlonge ya kumrudishia damu yatakuja baadaye. "Na akikubali mwenyewe, Nyanya, mpe chai yako ya tangawizi ya vuguvugu," alisema, "lakini bila asali."

Jioni ile hakuna aliyemlazimisha Kulthum. Mwenyewe alikwenda Marikiti, akamweleza Kitsao yote, naye akamchagulia majani makavu kuliko yote, akatia na fungu la mkunazi juu yake. Usiku Nyanya hakumsemesha ila kwa yaliyo lazima. Fahmi alilala akiguna, kidole mdomoni.

Asubuhi Kulthum alivuta komeo. Uwani kulikuwa kimya.

Alisimama pale mlangoni, hana nguvu ya kutazama. Mwisho akatazama. Kashata alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuliwa, macho nusu wazi. Na taya lake la chini lilikuwa likizunguka polepole, kushoto, kulia, kushoto.

"Nyanya," Kulthum aliita. "Nyanya, njoo. Anacheua."

Nyanya alikuja bila viatu. Alichutama, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa Kashata, akasikiliza. "Alhamdulillahi," alisema. Akamvuta Kulthum kwa mkono, akamlaza kichwa mahali pale pale. Ndani mlikuwa na ngurumo ya mbali, ikija na kupotea, kama mawimbi yanavyopiga nyuma ya Ngome ya kale ufukweni. Kulthum alilia pale pale juu ya manyoya ya mbuzi, na Nyanya akamwacha alie.

Baadaye Nyanya alilileta kasha lake uwani, akalifungua, akamketisha Kulthum mbele yake.

"Tazama humu," alisema. "Nina dawa ya tumbo, ya kifua, ya jeraha. Daktari Ketty naye ana zake. Zote hizi, zangu na zake, zinategemea kitu kimoja kisichotiwa kwenye kasha. Mgonjwa wetu hasemi. Mbuzi hawezi kusema alikula nini. Wewe ndiye ulimi wake. Ulipodanganya, hukunidanganya mimi peke yangu. Ulimfunga yeye mdomo. Waelewa?"

"Naelewa, Nyanya. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana, uliposema mbele ya mgeni. Kukosa wakosa watu wote, mjukuu wangu, hata mimi. Lakini aliyekosa akasema mapema, huacha nafasi ya kutengeneza. Ungenyamaza mpaka jioni, leo tungekuwa twachimba shimo." Akamgusa shavu. "Na lile la uvivu, sina la kuongeza. Kashata ameshakufundisha kuliko nitakavyoweza."

"Na kasha hutalifunga?"

"Nilifunge? Kesho utanikalia hapa nikuanzishie na hulba. Lakini kwanza utajifunza kuuliza, na kujibu."

Daktari Ketty alirudi mara kadhaa. Kashata alipita kwenye majani makavu, akapita kwenye mkunazi, akafika kwenye mlonge, na manyoya yake yakaanza kung'aa tena. Hina ya Kulthum ilikuwa imefifia na kubaki ya manjano siku ambayo daktari alisema maziwa ni salama. Nyanya aliketi kwenye kibao chake, kikombe cha Fahmi kikajaa povu, na Fahmi akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka akapata masharubu meupe.

Kashata akageuka, akalia "mee" yake ile ndefu ya madai. Kulthum alimpapasa shingoni.

"Ahsante, mama," alimwambia.

Nyanya alimtazama kwa pembe ya jicho. "Mbuzi hajui ahsante," alisema.

"Hajui yeye," alijibu Kulthum. "Mimi najua."

Akachukua kamba yake ya kufungia mzigo, akaenda Marikiti kuleta majani.